Usilaumu Udongo: Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Mashine ya Kukata Nyasi ya Kupanda

Pita kwenye viwanja vya shule za Limuru au Njoro mwezi wa Mei, masika yakiwa yamekolea, utaziona nyasi zilizokatwa mawimbi mawimbi. Mstari mmoja umechunwa hadi udongo unaonekana, wa pili umeachwa na manyoya. Mwulize mwalimu mkuu, atakwambia uwanja una mabonde. Mwulize dereva wa mashine, atakwambia mashine imezeeka. Mwulize fundi aliyeitwa juzi, atakwambia mashine za siku hizi hazina nguvu kama za zamani, kisha ataomba nauli. Wote watatu wamelipita tairi la nyuma la kushoto, limelala kama chapati, na hakuna hata mmoja aliyeinama kulitazama.

Mwongozo huu ni wa yule atakayeinama. Humu ndani nitawacheka watu kadhaa, na nitawacheka waziwazi, maana mashine hii imenunuliwa kwa karo za wazazi au sadaka za waumini, na sioni kwa nini tuendelee kunyamaza inapouawa na uvivu wa dakika kumi. Aliyetunza mashine yake asome kwa raha. Mwingine asome akiwa na spana mkononi.

Jambo la kwanza ni kitabu. Kila mashine mpya huja na kitabu cha maelekezo, na katika taasisi nyingi kitabu hicho huishi maisha marefu na salama ndani ya kabati la bursa, pamoja na risiti na funguo za akiba. Dereva anapewa mashine, bursa anabaki na maarifa. Mashine ikiharibika, dereva ndiye anayeitwa ofisini. Bursa, fungua kabati leo. Toa nakala ya kurasa za matengenezo, zitie kwenye mfuko wa plastiki, zining'inizwe ukutani mashine inapolala. Kama kitabu kimepotea, namba ya modeli iko kwenye kibandiko, mara nyingi chini ya kiti, na watengenezaji wengi wameviweka vitabu vyao kwenye intaneti bila malipo. Vipimo nitakavyovitaja hapa ni vile vya kawaida kwa mashine ndogo za kupanda. Kitabu chako kikisema tofauti, kifuate kitabu.

Sasa tuijue kazi yenyewe. Nyasi inayotawala viwanja vya nyanda za juu za Kenya ni nyasi ya Kikuyu, mzaliwa wa milima hii hii ya Afrika Mashariki. Imesafirishwa hadi Australia, Hawaii na California, na serikali kuu ya Marekani imeiweka kwenye orodha ya magugu hatari. Hutambaa kwa mashina ya juu ya ardhi na ya chini ya ardhi kwa pamoja, ikijisuka mkeka mzito unaobonyea ukiukanyaga. Mvua ikinyesha na jua likatoka, mkeka huo hukua bila kungoja ratiba ya mtu. Mashine nyingi zinazouzwa huku zilibuniwa kwa ajili ya bustani za Marekani na Ulaya. Huku zinapewa kazi nzito kuliko ile iliyokuwa kichwani mwa mbunifu.

Na zinapewa kazi hiyo zikiwa zimepungukiwa pumzi. Injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu zake kwa kila mita 300 unazopanda kutoka usawa wa bahari, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Nairobi iko karibu mita 1,700, kwa hiyo karibu moja ya tano ya nguvu imekwenda hata kabla hujawasha. Limuru ni juu zaidi, na huko inakwenda kama robo. Mashine iliyoandikwa nguvu za farasi 20 inafika uwanjani na kama 15. Halafu anatokea bwana mkubwa anayetaka uwanja wa mpira wenye nyasi za magotini ukatwe mara moja, chini kabisa, kabla ya sherehe ya Jumamosi. Injini ikitoa moshi mweusi na mkanda ukianza kunuka, anasema tumeuziwa mashine mbovu. Hapana, mheshimiwa. Umeagiza kazi ya trekta.

Kanuni ya watunza nyasi wa kila nchi ni kwamba usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mkupuo mmoja. Nyasi zikiwa sentimita 12, zishushe hadi 8, rudi baada ya siku tatu nne ushuke tena. Zikikuzidi, kata nusu ya upana wa mashine kila unapopita. Kwenye miinuko yetu nafuu hii inahitajika maradufu. Injini nyingi pia zina jeti ya kabureta ya kutumia mahali pa juu, na wakala anayekuuzia mashine Eldoret bila kuitaja hajakuuzia mashine kamili. Mwulize.

Tuje kwenye marekebisho, na hapa nataka tukae, kwa sababu hapa ndipo mawimbi yanapozaliwa. Visu viko ndani ya kava la chuma linaloning'inia chini ya mashine. Mafundi huliita deki. Deki imeshikwa na vyuma vya kuning'inizia kutoka kwenye fremu, fremu imebebwa na ekseli, ekseli zimebebwa na matairi. Tairi moja likishuka sentimita mbili, upande huo wa fremu unashuka, na kisu kinashuka nao. Ndiyo maana anayeanza kukaza nati za deki kabla ya kupima upepo anafanya kazi ya bure. Atasawazisha visu juu ya tairi lililolegea, Jumatatu tairi litajazwa, na mawimbi yatarudi yakiwa yamehamia upande wa pili.

Upepo wenyewe una kisa chake. Dereva analipeleka tairi kwenye kituo cha mafuta. Kijana wa pampu anauliza, "Ngapi, mzee?" Mzee hajui, lakini hapendi kuonekana hajui, anajibu, "Weka thelathini." Thelathini ni ya gari. Tairi la mashine ya nyasi ni pana na laini makusudi, lilale juu ya majani bila kuyachimba. La mbele kwa kawaida hutaka kama PSI 14 na la nyuma kama PSI 10. Ukilipa 30 linakuwa gumu, mashine inaruka kila kijishimo, dereva anaumwa kiuno, deki inapiga kelele, na tairi linaweza hata kuchomoka kwenye rimu. Tena geji za vituoni hazisomi vizuri vipimo vidogo kama hivi. Nunua geji ndogo ya PSI 0 hadi 20 na pampu ya mguu, uvitundike karibu na mashine. Matairi mawili ya ekseli moja yalingane sawasawa.

Upepo ukiwa sawa, iegeshe mashine kwenye sakafu ya saruji iliyo tambarare. Baraza la stoo linafaa, uwanja haufai, hata ule unaosema ni tambarare. Zima injini, toa ufunguo, weka breki, kisha ichomoe waya ya plagi na uikunje mbali na plagi. Hatua hii ya mwisho ndiyo watu huiruka, na ndiyo iliyobeba vidole vyako. Kukizungusha kisu kwa mkono, kwenye baadhi ya mashine, ni kuizungusha injini, na injini iliyobaki na petroli haijali kwamba ulikuwa unapima tu. Vaa glavu nzito.

Kabla ya kusawazisha, hakikisha kisu hakijapinda. Elekeza ncha yake moja upande wa kulia, pima kutoka sakafuni hadi kwenye makali, andika kwa chaki hapo hapo sakafuni. Kizungushe nusu mzunguko ili ncha ya pili ifike mahali pale pale, upime tena. Vipimo vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, kisu kimepinda. Kitupe. Usikinyooshe kwa nyundo juu ya jiwe, hata kama fundi wa nyundo ameshakunja mikono ya shati. Chuma kilichopinda na kunyooshwa kimechoka, na kitavunjika siku ambayo hukuichagua. Kikiwa kipya na tofauti bado ipo, shafti inayokishika ndiyo iliyopinda, na hiyo ni kazi ya vipuri.

Visu vikiwa vyema, inua deki hadi kimo cha katikati. Zungusha visu vya pembeni ncha zielekee kushoto na kulia. Pima ncha ya nje kabisa ya upande wa kushoto, kisha ya kulia. Tofauti ikiwa ndani ya milimita 3, acha, umeshinda. Ikizidi, tafuta nati ya kurekebishia kwenye chuma cha kuning'inizia cha upande uliotajwa na kitabu. Legeza nati ya kufungia, zungusha ya kurekebishia mzunguko mmoja, pima. Mzunguko mmoja, narudia, halafu pima. Mafundi wenye haraka huzungusha mitano kwa ujasiri, wakapita mahali panapotakiwa, wakarudi minne, wakapita tena kwa upande wa pili, na ukiwakuta saa nane mchana bado wamelala chini ya mashine wanajadiliana.

Kisha geuza visu, ncha moja itazame mbele na nyingine nyuma. Hapa wengi hushangaa, kwa kuwa hatutaki usawa. Ncha ya mbele iwe chini kuliko ya nyuma, kwa kawaida kati ya milimita 3 na 10. Sababu ni rahisi ukiifikiria. Kisu kinazunguka na mashine inasonga mbele, basi jani likatwe mara moja na upande wa mbele, na upande wa nyuma upite juu yake bila kuligusa. Deki ikiwa bapa, au mbaya zaidi, ikiwa imeinama nyuma, kila jani linapigwa mara mbili, ncha zinachanika, na injini inalipa nguvu mara mbili kwa kazi moja. Wewe uliyeko Limuru na robo ya nguvu imeshapotea huwezi kumudu deni hilo. Marekebisho ya mbele hufanywa kwa nati za chuma kinachoishika deki kwa mbele. Ukizikaza, upande wa mbele unapanda, ukizilegeza, unashuka. Kama vyuma hivyo ni viwili, nati zake zizungushe kwa kiasi sawa.

Viko pia vigurudumu vidogo pembeni mwa deki. Watu hudhani ndivyo vinavyoibeba. Kazi yake ni kuzuia kisu kisichune pale ardhi inapoinuka ghafla, kwa hiyo deki ikiwa kwenye kimo chako cha kukatia vinapaswa kuelea juu ya ardhi, kama milimita 6 hadi 12. Ukivikuta vimelika upande mmoja, au mkono wake umepinda, ujue vimekuwa vikibebeshwa mzigo usio wao.

Mfululizo wote huu, tangu tairi hadi vigurudumu, ukishauzoea haumalizi saa moja. Ufanye mwanzoni mwa masika, mwanzoni mwa vuli, na kila mara mashine inapogonga kitu kikubwa.

Na itagonga, kwa sababu tuna desturi ya kupamba njia kwa mawe yaliyopakwa chokaa. Kila shule inayo, kila kituo cha polisi, kila zahanati. Mawe hayo hupangwa vizuri siku ya ugeni, halafu watoto wanayakalia, mbuzi wanayasukuma, na mawili matatu yanajiviringisha kwenye nyasi. Kiwango cha Marekani cha usalama wa mashine hizi, ANSI B71.1, kinaweka kikomo cha kasi ya ncha ya kisu kuwa futi 19,000 kwa dakika. Hizo ni karibu kilomita 347 kwa saa. Kisu hakiwezi kupita hapo, lakini kinaruhusiwa kufika karibu sana. Jiwe linaloguswa na ncha inayokwenda hivyo huondoka kutafuta dirisha, au paja la mtu. Kabla ya kuwasha, tembea uwanja mzima kwa miguu ukiwa na gunia: mawe, magunzi, chupa, vifuniko vya soda, kamba za katani, nyaya. Kamba usiidharau. Hujifunga kwenye shafti chini ya kisu, ikajipenyeza kwenye sili, grisi ikatoka, na beringi ikaanza kulia wiki mbili baadaye, wakati hakuna anayeikumbuka kamba. Kichuguu kivunje kwa jembe. Kisu hakikuumbwa kulima.

Kasi hiyo hiyo ndiyo siri ya kukata vizuri. Mashine ya kwanza ya kukata nyasi, aliyoisajili Edwin Budding huko Gloucestershire, Uingereza, mwaka 1830, ilikata kwa visu vilivyozungushwa kwenye silinda dhidi ya kisu kilichotulia, jinsi mkasi unavyofanya, na viwanja vingi vya gofu bado hukata hivyo kwenye nyasi fupi karibu na mashimo. Mashine yako haina kisu cha pili. Jani linakatika kwa sababu limepigwa kwa kasi kabla halijapata nafasi ya kuinama. Kwa hiyo anayepunguza mafuta ya injini wakati wa kukata, akidhani anaokoa petroli, anakata kwa kisu kilicholala. Mafuta yote juu, gia ya mwendo chini. Ukitaka kupunguza kitu, punguza mwendo wa matairi.

Kisu butu utakijua asubuhi ya pili. Shika jani moja, litazame kwa karibu. Kisu kikali huacha ncha iliyonyooka na kijani. Kisu butu huacha nyuzi nyeupe zilizochanika, zikakauka kuwa kahawia, na uwanja mzima ukapata rangi ya ugonjwa. Hapo huja mtu na mbolea. Mwondoe na mbolea yake, leta tupa.

Kunoa si kazi ngumu, ila ina adabu zake. Weka kipande cha mbao kati ya kisu na deki kisizunguke, fungua bolti, na kabla hujakitoa weka alama ya rangi upande ulio chini. Yako masikio mawili yaliyokunjwa kwenye kisu, nyuma ya makali. Hayo hutazama juu, kuelekea ndani ya deki, kwa kuwa ndiyo yanayofyonza majani yasimame. Anayekirudisha kisu kichwa chini atasikia mashine inanguruma vizuri kabisa, na nyuma yake nyasi zimelazwa tu, hazijakatwa. Fuata pembe ile ile ya kiwandani, karibu nyuzi 30, kwa tupa au kwa grenda. Ukitumia grenda, gusa na uache, gusa na uache. Chuma kikigeuka buluu, ugumu wake umeondoka na makali hayatadumu hata uwanja mmoja. Huna haja ya makali ya wembe.

Ukimaliza, pigilia msumari ukutani, kitundike kisu kwa tundu lake la katikati, uachie. Upande ulioshuka ndio mzito; usage kidogo kwa nyuma, sio kwenye makali, hadi kisu kilale sawa. Kisu kisicho na mizani hutetemesha shafti maelfu ya mara kila dakika, na beringi hazisamehi. Halafu kaza bolti kwa spana ya kipimo kama unayo, kwa kiwango kilichoandikwa kitabuni. Kisu chenye ufa usikipeleke kwa fundi wa kuchomelea. Na yule anayekuchongea kisu kutoka kwenye springi ya gari, kwa bei nafuu na tabasamu, mshukuru na uende zako. Kwa kasi ile ya kilomita 347 hatutaki ubunifu.

Mkanda nao una watu wake. Mkanda wa deki ukikatika, mtu hukimbilia duka la vipuri vya mashine ya kusaga unga, anaona mkanda wa urefu ule ule, anafurahi. Mkanda wa mashine ya unga umetengenezwa kushika puli wakati wote. Kwenye mashine nyingi za nyasi, unapoingiza visu kwa mkono wa deki, mkanda hukazwa taratibu, unateleza kidogo, kisha unashika, na kwa kazi hiyo umevishwa kitambaa maalumu na nyuzi ngumu zaidi ndani. Ule wa unga utashika kwa kishindo, utawaka, utatoa harufu ya mpira, na mara nyingine hautaachia visu hata ukivizima. Hilo la mwisho ni hatari, sio hasara tu. Nunua wa modeli yako, wa akiba mmoja uwe stoo wakati wote. Ukiubadilisha, zungusha puli zote kwa kidole. Inayokwaruza au kuyumba itaula mkanda mpya vilevile.

Baada ya kila ukataji, nyasi mbichi hugandamana chini ya deki na kuwa tope la kijani linalokauka likawa gumu. Hewa ikikosa pa kupita, majani hayatoki, yanaangushwa mafungu mafungu. Yakwangue kwa kipande cha mbao, waya ya plagi ikiwa imechomolewa. Usiipeleke mashine kwa vijana wa kuosha magari. Maji ya pampu yao hupenya sili za beringi, yakasukuma grisi nje na kukaa mahali pake, na mashine inatoka inang'aa ikiwa imeanza kufa.

Injini haina mengi. Oili ipimwe kila mara kabla ya kuwasha, mashine ikiwa mahali tambarare. Ile ya SAE 30 inafaa kwa joto la kwetu, na kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza. Mashine mpya humwagwa oili baada ya saa 5 hadi 8 za kwanza, kisha kila saa 50 au 100 kama kitabu kinavyosema, injini ikiwa na joto ili uchafu utoke nayo. Saa, sio miezi. Nyingi zina mita ya saa karibu na usukani. Kama yako haina, tundika daftari na kalamu, kila dereva aandike alipowasha na alipozima. Sponji ya chujio la hewa ioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Karatasi igongwegongwe taratibu, na ikiwa imejaa, inunuliwe nyingine. Anayeipuliza kwa kompresa anaitoboa matundu asiyoyaona, na vumbi la Januari linaingia moja kwa moja kwenye silinda. Na ule wavu wa feni juu ya injini, toa majani kwa mkono kila siku. Injini hizi hupozwa kwa hewa tu.

Sasa kuhusu swichi ya kiti, na hapa sina utani. Chini ya kiti kuna swichi inayosimamisha visu au kuzima injini dereva anapoinuka. Ikiharibika, au ikimkera dereva mwepesi wa kilo anayerushwarushwa, fundi huiunganisha kwa kipande cha waya, mashine ikawaka bila mtu, na kila mtu akampongeza. Huyo fundi amewapa mashine ambayo dereva akianguka itaendelea kuja. Swichi mpya ni bei ndogo kuliko dawa ya siku moja hospitalini. Mwalimu mkuu, inua kiti leo mwenyewe, utazame. Ukikuta waya imefungwa fungwa na gundi ya nailoni, mashine isitoke hadi swichi ibadilishwe. Mteremko unaozidi nyuzi 15 ukatwe kwa slasha. Ulio chini ya hapo, mashine ya kupanda ipande na kushuka, isikate mshazari, kwa sababu mshazari ndiko inakopindukia. Na mtoto asipakatwe juu yake hata kwa kupiga picha.

Kiangazi kikiingia na mashine ikapumzika, usiiache na petroli ya zamani. Petroli iliyokaa zaidi ya siku 30 huanza kuharibika na kuacha gundi kwenye matundu membamba ya kabureta. Ile iliyochanganywa na mafuta ya taa ina balaa zake, basi nunua kituo unachokiamini, kwa dumu safi. Funga bomba la mafuta, acha injini iwake hadi ijizime yenyewe. Ondoa betri, safisha vichwa vyake, ichajiwe mara moja kwa mwezi. Tia grisi kwenye shafti za visu na ekseli ya mbele. Shusha deki ikae chini, springi zipumzike. Mvua za kwanza za masika zikinukia, kabla hujaugusa ufunguo, fungua kava la juu ya injini na uingize mkono uliovaa glavu: panya hupenda sana joto la pale, hujenga kiota cha majani makavu juu ya silinda na kuguguna nyaya, na injini itakayowashwa juu ya kiota hicho inaweza kuichoma stoo nzima.